Dawa ya mfuko wa pembeni: uchambuzi wa kisa cha kipandauso

Mgonjwa aliingia idara ya dharura saa moja na nusu asubuhi, binti yake akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa na miaka 44. Kichwa hakikumuuma. Kilichomleta ni miguu, ambayo tangu usiku wa manane ilikuwa ikimuunguza kama amekanyaga makaa, lakini kila aliyeigusa aliikuta ya baridi.

Mimi ni mfamasia wa wodini, niliitwa baadaye kidogo. Ninakiandika kisa hiki kwa wenzangu wa famasia, kwa madaktari na wauguzi, na kwa yeyote anayeishi na kipandauso, kwa sababu moja inayoninyima usingizi hadi leo: mgonjwa huyu hakuzidisha dozi ya dawa hata moja. Alimeza kila kidonge kama karatasi ilivyoelekeza. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa.

Alivyofika

Presha ilikuwa 162/98, mapigo ya moyo 56 kwa dakika, joto 36.6. Kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni hakikusoma kitu. Muuguzi alibadilisha kidole mara tatu, kisha akakibana kwenye ndewe la sikio, ndipo namba ikatokea: 98. Wengi wangesema kifaa ni kibovu na kuendelea. Muuguzi yule aliandika kwenye faili kwamba vidole vya mikono navyo ni baridi, na maneno hayo machache yalisaidia kuliko vipimo vingi vilivyofuata.

Nyayo zilikuwa na weupe wa mshumaa, na kuelekea vidoleni rangi iligeuka zambarau. Ukibonyeza kidole gumba cha mguu na kuachia, damu ilichukua sekunde 8 kurudi, pahali ambapo kwa mtu mzima hazitakiwi kuzidi 2 au 3. Mapigo ya juu ya wayo na ya nyuma ya kifundo hayakupatikana, kulia wala kushoto. Ya kinena yalikuwepo, membamba. Viganja vilikuwa na ganzi tangu jioni iliyotangulia.

Daktari wa zamu alifikiria kwanza donge la damu, na alikuwa na haki ya kuanza hapo, kwa kuwa mguu uliozibwa na donge hauna muda wa kusubiri. Akamwita daktari wa upasuaji. Lakini donge linalotoka moyoni kwa kawaida hukwama mahali pamoja. Ni nadra libane miguu yote miwili na mikono pia kwa usiku mmoja. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mdundo wa kawaida. Picha ya mishipa iliyopigwa kwa dawa ya rangi ikamaliza ubishi: hakukuwa na donge popote. Ateri za miguu zilikuwa laini, zikipungua unene taratibu kutoka pajani hadi zikawa kama uzi chini ya goti. Mishipa ilikuwa mizima, ila imejikunja. Kuna kitu kilikuwa kinaikaba.

Kwenye karatasi ya maelezo palikuwa na dawa nne. Propranololi miligramu 40 mara mbili kwa siku, ya kuzuia kipandauso. Omeprazoli, amoksilini na klarithromaisini, za vidonda vya tumbo, siku ya tano kati ya 14. Propranololi huweza kuipa mikono na miguu ubaridi kidogo, lakini hainyang'anyi mapigo ya miguu miwili. Ndipo nikaitwa.

Mkoba

"Mama, pole sana. Mimi ni mfamasia. Naomba tuzungumze kidogo kuhusu dawa zako."

"Nimeshamwambia daktari, baba. Ya kichwa ya kila siku, na hizi za tumbo. Basi."

"Hiyo ya kila siku ni ya kuzuia. Kichwa chenyewe kikishakubana, unameza nini?"

Akamtazama binti yake. Binti akasema, "Mama, ile ya kwenye mkoba."

"Ile si dawa ninayotumia," mgonjwa alisema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha kosa dogo. "Ile ni ya akiba."

Binti akafungua zipu ya mfuko wa pembeni. Ndani mlikuwa na funguo, risiti iliyokunjwa, na ukanda wa vidonge kumi, vitano vikiwa vimeshatolewa. Karatasi yake ya fedha ilikuwa imekwaruzwa na funguo, lakini maandishi yalisomeka: ergotamini miligramu 1, kafeini miligramu 100.

Nikamwomba atoe na zile za tumbo. Nikapanga zote juu ya shuka, ukanda kando ya ukanda, karibu na goti lake. Tangu zilipoandikwa, dawa hizo hazikuwahi kulala pamoja mbele ya macho ya mtu mmoja anayezijua.

Vidonge alivikumbuka vizuri. Jumatatu alianza dozi ya tumbo. Jumatano jioni kipandauso kikaja, upande wa kulia, na kichefuchefu chake cha siku zote. Akameza viwili, baada ya nusu saa akaongeza kimoja, kikatulia. Alhamisi usiku kikarudi, akameza viwili. Vitano kwa jumla. Maelekezo ya dawa hiyo husema viwili shambulio linapoanza, kisha kimoja kila baada ya nusu saa ikihitajika, visizidi 6 kwa shambulio moja wala 10 kwa wiki. Alikuwa mbali na mpaka. Isitoshe, alikuwa akiitumia kwa miaka miwili, mara tatu au nne kwa mwaka, na haikuwahi kumdhuru.

Kila mmoja alivyokuwa sahihi

Niliporudi nyuma kufuatilia njia iliyomfikisha pale, sikumpata mzembe. Kwa miaka mingi alitibu kichwa kwa ibuprofeni, nyingine ameandikiwa, nyingine amejinunulia. Ilipoanza kushindwa, daktari mmoja akamwandikia ergotamini kwa ajili ya mashambulio makali. Mashambulio yalipoongezeka, daktari mwingine akaongeza propranololi. Tumbo likaanza kuchoma, akapigwa picha kwa mpira wenye kamera, kikaonekana kidonda kwenye utumbo wa mwanzo na kipimo cha bakteria Helicobacter pylori kikawa chanya. Daktari wa tatu akasimamisha ibuprofeni, akaandika dawa tatu zinazoeleweka dunia nzima, na akamshauri aache kahawa. Kila cheti, ukikisoma peke yake, ungekitia saini.

Kwenye dirisha la famasia aliulizwa, "Kuna dawa nyingine unatumia?" Akajibu, "Propranololi." Aliyempa dawa aliipima propranololi dhidi ya zile tatu, akaona hakuna tatizo, akampa. Nimeuliza swali hilo hilo kwa maneno hayo hayo maelfu ya mara, kwa hiyo simnyooshei kidole. Shida iko kwenye neno "unatumia". Katika Kiswahili chetu cha kila siku, mtu anayesema "ninatumia dawa" anamaanisha yuko kwenye dozi: asubuhi na jioni, ana kadi, ana tarehe ya kurudi. Kidonge kinachomezwa mara tatu kwa mwaka hakimo humo. Mgonjwa huyu hakuficha kitu. Alijibu swali aliloulizwa, kwa ufasaha.

Nina jambo jingine ambalo siwezi kulithibitisha ila siwezi pia kulipuuza. Alikuwa mnywaji wa vikombe vinne vya kahawa kwa siku, na aliacha ghafla Jumatatu ile ile. Mwili uliozoea kafeini, ukinyimwa, huanza kuumwa kichwa ndani ya saa 12 hadi 24, maumivu hufika kilele siku ya kwanza au ya pili, na yanaweza kuburuta hadi siku 9. Kwa mwenye kipandauso, hicho ni kichokoo kinachotosha. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi ushauri wa kulinda tumbo ndio uliomsogeza kwenye mfuko wa pembeni, katika wiki ile ile ambayo mfuko huo ulikuwa na hatari kuliko wakati wowote.

Kilichotokea ndani

Ergotamini ina historia ndefu na ya kutisha. Hutoka kwa kuvu aitwaye Claviceps purpurea, anayeota kwenye nafaka, hasa ile iitwayo rai. Ulaya ya zamani watu waliokula mkate wa nafaka yenye kuvu huyo walipatwa na maumivu ya kuungua, kisha vidole na hata miguu ikawa myeusi na kukatika. Waliuita Moto wa Mtakatifu Antoni. Mwaka 1918 mwanakemia Arthur Stoll, akifanya kazi kwenye kampuni ya Sandoz huko Basel, Uswisi, alifanikiwa kuitenga ergotamini, na miaka ya 1920 ikaanza kutumika kutibu kipandauso. Kitu kile kile kilichokata miguu ya watu, kikipimwa kwa miligramu, kikawa nafuu: hubana mishipa ya damu iliyotanuka kichwani. Mgonjwa wetu alipolalamika kwamba miguu inaungua huku ni ya baridi, alikuwa akisimulia ugonjwa wenye karne nyingi.

Kinachoifanya dawa hii imezeke bila madhara ni ini na utumbo. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachojulikana kwa jina la CYP3A4, ambacho kazi yake ni kuvunjavunja vitu vigeni kabla havijaenea mwilini. Ergotamini ikimezwa, kiasi kinachofika kwenye damu kikiwa kizima ni kidogo mno, hakizidi asilimia 5, na vipimo vingine vimekikuta chini ya hapo. Miligramu iliyoandikwa kwenye kidonge imewekwa kwa kujua kwamba sehemu kubwa itaishia njiani.

Klarithromaisini hukizima kimeng'enya hicho. Hukishika na kukiharibu, mwili ukalazimika kutengeneza kipya, kazi inayochukua siku kadhaa hata baada ya dozi kuisha. Sasa fanya hesabu ya mfano tu. Dawa ambayo nusu yake hufika kwenye damu, ukiuzima uvunjaji wote, haiwezi kuzidi mara mbili. Dawa ambayo hufika mbili tu kwa mia, ikipanda hadi ishirini kwa mia, ni mara kumi. Vidonge vitano vinaweza kuufikia mwili kama hamsini. Ndiyo maana mpaka wa vidonge 6 haukumlinda. Mpaka huo uliwekwa kwa ajili ya ini linalofanya kazi yake.

Juu ya hayo, propranololi. Mishipa ya mikono na miguu ina vipokezi vya beta ambavyo vikiguswa na adrenalini huilegeza. Propranololi huvifunga. Kwa hiyo ergotamini ilipoanza kuikaba mishipa, njia mojawapo ya mwili kuifungua ilikuwa tayari imezibwa. Kwa watu wengi dawa hizi mbili zimetumika pamoja bila maafa, na pengine ndivyo ilivyokuwa kwake kwa miaka ile miwili. Kilichobadilika ni ujio wa ya tatu.

Klarithromaisini haiko peke yake, na maandishi ya ergotamini yenyewe huyakataza haya kwa onyo la juu kabisa: erithromaisini, dawa za fangasi kama ketokonazoli na itrakonazoli, na dawa za VVU zenye ritonaviri. Kobisistati, inayotumika kuongeza nguvu dawa nyingine za VVU, iko kundi hilo hilo. Hapa naomba wenzangu wasimame kidogo. Mtu anayeishi na VVU aliyehamishiwa dawa zenye ritonaviri, na ambaye ana vidonge vya kichwa vya zamani nyumbani, yuko kwenye hatari ile ile aliyokuwa nayo mama huyu, kila siku ya maisha yake. Ritonaviri imo pia kwenye dawa ya siku tano ya UVIKO-19, pamoja na nirmatrelviri. Na wakunga wakumbuke kwamba ergometrini, ile ya kuzuia damu baada ya kujifungua, ni ndugu wa ergotamini. Dolutegraviri, dawa nyingine ya VVU, kwa upande wake haikizimi kimeng'enya hiki.

Matibabu, na mashaka yake mawili

Ergotamini, klarithromaisini na propranololi zilisimamishwa hapo hapo. Moyo wake ulikuwa mzima, hivyo kuikata propranololi ghafla hakukutia hofu. Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba uamuzi huo ungekuwa mgumu zaidi. Baada ya hapo tulikabiliwa na maswali mawili ambayo vitabu havijibu kwa sentensi moja.

La kwanza ni heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Damu inayotembea taratibu kwenye mshipa uliobana inaweza kuganda, na ikiganda mguu unapotea hata mshipa ukilegea baadaye. Lakini mgonjwa ana kidonda tumboni, na dawa ya kuzuia kuganda inaweza kukifanya kitoe damu. Daktari wa upasuaji alitaka ianze. Daktari wa magonjwa ya ndani alisita. Tuliomba majibu ya ile picha ya tumbo: kidonda kilikuwa kidogo, msingi wake safi, bila dalili ya kutoa damu. Kiwango cha damu kilikuwa sawa. Ikakubaliwa heparini ya kawaida kwa dripu, ambayo ikizimwa nguvu yake huondoka ndani ya saa chache na ambayo ina dawa ya kuipinga, protamini, iliyoletwa na kuwekwa kwenye droo ya kitanda. Omeprazoli ikahamia kwenye mshipa. Naamini ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa mtu mwenye akili timamu angeweza kuamua vinginevyo.

La pili lilikuwa langu zaidi. Ili kuifungua mishipa, ya kwanza kutajwa ilikuwa nifedipini, kidonge kilichopo karibu kila mahali. Nikawaomba wangoje. Nifedipini nayo huvunjwa na CYP3A4, na kimeng'enya hicho bado kilikuwa kimezimwa. Kidonge cha kawaida kingeweza kumwangusha presha kwa kiasi ambacho hatungeweza kukirudisha. Tungekuwa tumerudia kosa lile lile kwa dawa nyingine, ndani ya hospitali, macho yakiwa wazi. Ikachaguliwa sodiamu nitroprusidi kwa dripu. Haipiti ini kwa njia hiyo, huanza kazi ndani ya dakika, na ukiifunga huisha ndani ya dakika.

Ilianza saa nne na dakika arobaini asubuhi katika chumba cha wagonjwa mahututi, mikrogramu 0.3 kwa kilo kwa dakika, ikipandishwa polepole, namba ya juu ya presha isishuke chini ya 110. Mfuko wake ulifunikwa kwa karatasi ya fedha kwa kuwa mwanga huiharibu. Binti aliuliza kwa nini dawa ya mama imevikwa. Nikamweleza, akaitikia kwa kichwa, na mchana kutwa nilimwona akihakikisha hakuna pembe iliyofunuka.

Saa kumi na nusu jioni, kipimo cha Dopla, kinachosikilizisha mwendo wa damu, kilisikika kwa mara ya kwanza juu ya wayo wa kulia: mvumo hafifu, fuu, fuu, kama mtu anayepuliza chai. Wa kushoto ukafuata usiku. Asubuhi mapigo yalishikika kwa vidole. Joto lilirudi kuanzia kwenye kifundo kwenda chini, na liliporudi, maumivu yalizidi kwa saa kadhaa kabla ya kupungua, jambo ambalo tulimwonya mapema asije akadhani hali inaharibika. Dripu ilipunguzwa na kuondolewa baada ya saa 30 hivi, kwa sababu nitroprusidi ikikaa muda mrefu huachia sumu ya sianidi mwilini. Heparini iliondolewa siku iliyofuata. Kidonda hakikutoa damu.

Kichwa kilimuuma mara moja akiwa wodini. Alipewa parasetamoli gramu 1 na metoklopramidi ya kichefuchefu, chumba kikatiwa giza. Ilitosha.

Niliyouliza kuhusu chakula, sigara na magonjwa mengine

Nilimuuliza kama hunywa juisi ya balungi. Hakuwa akinywa. Naliandika hata hivyo, maana kwa mwingine jibu lingeweza kuwa ndiyo. Mwaka 1989 David Bailey na wenzake nchini Kanada waliripoti jambo walilolikuta kwa bahati: juisi ya balungi, waliyoitumia kuficha ladha ya pombe kwenye utafiti, ilipandisha sana kiwango cha dawa ya presha iitwayo felodipini. Tunda hilo lina viambata vinavyoharibu CYP3A4 ya kwenye ukuta wa utumbo, na kimeng'enya huchukua siku moja hadi tatu kurudi, kwa hiyo kunywa juisi asubuhi na kidonge jioni hakusaidii. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya klarithromaisini, lakini kwa dawa ya aina ya ergotamini mimi nasema viwili hivyo visikutane.

Sigara hakuvuta. Nikotini nayo hubana mishipa, na mvutaji anayemeza ergotamini anaikaza kamba kutoka ncha zote mbili.

Upande wa magonjwa, ergotamini haitakiwi kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo au ya miguu, mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye ini au figo iliyodhoofika, mwenye maambukizi yaliyoenea kwenye damu, wala kwa mjamzito. Presha ya mgonjwa wetu iliposhuka na kutulia ilibaki 138/88. Haitishi, ila inatosha kuzingatiwa.

Kama angekuwa na kidonge kingine

Swali hili niliulizwa na daktari kijana siku ya pili, na lilistahili jibu refu. Angemeza sumatriptani, dawa nyingine ya kipandauso, Jumatano ile, klarithromaisini isingeigusa, kwa kuwa sumatriptani huvunjwa na kimeng'enya kingine, MAO-A. Adui zake ni dawa zinazozuia kimeng'enya hicho, baadhi zikiwa za sonona. Angekuwa na eletriptani, ndugu yake, mambo yangebadilika: hiyo hupita CYP3A4, na maelekezo yanataka saa 72 kati yake na dawa kali za kukizima. Rizatriptani isingejali klarithromaisini, lakini ingeijali propranololi, ambayo hupandisha kiwango chake kwa takriban asilimia 70, ndiyo maana mtumiaji wa zote mbili hupewa miligramu 5 na si 10. Hata kati ya dawa mpya zaidi, ubrojepanti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hairuhusiwi pamoja na klarithromaisini, na rimejepanti inashauriwa kuepukwa. Dawa hizo hazikabi mishipa kama ergotamini, hivyo athari isingekuwa ya mguu kufa ganzi, lakini mlango wa kupita ni ule ule.

Triptani, yaani sumatriptani na ndugu zake, na ergotamini zenyewe haziruhusiwi ndani ya saa 24 moja baada ya nyingine. Hili niliona haja ya kulirudia kwa binti mara mbili, kwa sababu mtu anayeteseka kwa kichwa akiona kidonge cha kwanza hakijafanya kazi, hutafuta cha pili kwa mkono ule ule.

Kwa upande wa tumbo, kuna wanaoniuliza kwa nini asipewe azithromaisini, ambayo ni ya ukoo wa klarithromaisini lakini haikizimi kimeng'enya. Kwa kifua, ndiyo, mara nyingi inafaa. Kwa Helicobacter pylori haichukui nafasi yake katika matibabu ya kawaida.

Baada ya wodi

Aliondoka siku ya sita akitembea mwenyewe, taratibu. Ergotamini imeandikwa kwenye faili lake kuwa haitatumika tena. Bakteria wa tumbo walitibiwa upya kwa omeprazoli, bismuthi, tetrasaiklini na metronidazoli, siku 14. Metronidazoli imo kwenye orodha ya tahadhari za ergotamini, na hiyo ni sababu nyingine ya kuhakikisha hakuna ukanda wa zamani uliobaki nyumbani. Binti alipekua, akakuta nusu ukanda kwenye kabati, akauleta.

Kuhusu kinga ya kipandauso, daktari wa mishipa ya fahamu hakurudisha propranololi. Alichagua kandesatani, ambayo hupunguza mashambulio kwa baadhi ya watu na ingeishughulikia presha pia. Haifai kwa mwanamke anayeweza kupata mimba bila kinga, lakini yeye alikwisha kufunga kizazi. Triptani aliziweka pembeni kwa miezi ya mwanzo ili mishipa ipumzike. Kahawa aliruhusiwa kikombe kimoja, saa ile ile kila siku.

Fomu yetu ya kupokea wagonjwa tuliibadilisha. Baada ya "Unatumia dawa gani?" pana mstari mwingine: "Ukiumwa kichwa, mgongo, tumbo au ukikosa usingizi, unameza nini?" Na wa tatu: "Mkobani au mfukoni una dawa gani sasa hivi?" Wiki ya kwanza wagonjwa wengine walicheka waliposomewa huo wa tatu, kisha wakaanza kufungua mikoba.

Alirudi baada ya wiki tatu. Mapigo yote yalikuwepo. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilibaki na ganzi pembeni, na ukucha wake ulikuwa umeachia na mwingine unaota chini yake. Aliweka mkoba mezani kabla sijamuuliza, akavuta zipu ya mfuko wa pembeni. Mlikuwa na funguo, ukanda wa parasetamoli, na kadi ndogo tuliyomwandikia, yenye jina la kila dawa.

"Na hii ya akiba?" nikauliza, nikionyesha ukanda wa parasetamoli.

"Nimeiandika, baba. Iangalie mstari wa mwisho."